Udongo wa Chini ya Musuku

Pu. Kisha kimya. Kisha pu, pu, upande wa kushoto, kama mtu anayekanyaga majani makavu kwa kisigino na kusimama kila mara kusikiliza kama anafuatwa. Ukungu ulikuwa umekalia kilima kilicho nyuma ya Kapata, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi, nami sikuona hata vidole vya miguu yangu. Nilidhani ni nyoka. Nikadhani ni mlinzi wa mgodi. Nikadhani ni mtu aliyeamka na nia mbaya.

"Usikimbie, mama," sauti ya mwanamume ikasema ndani ya ukungu. "Ni matunda ya masuku tu. Inaanguka."

Ndivyo nilivyoanza kazi. Niliusikia musuku, mti wa matunda hayo, kabla ya kuuona, na nilimsikia Tata Kabeya, mzee aliyekuwa mkuu wa bustani ya miche ya kampuni ya mgodi, akinicheka kabla ya kumwona uso.

Ninyi mnaoanza sasa, wenye buti mpya na simu zilizojaa picha za majani, mmeniomba niwaambie ninachojua juu ya mti huu. Nitawaambia. Lakini nimechoka, wanangu, na mtu aliyechoka hasimulii kwa mpangilio. Anachukua kilicho karibu na mkono. Na karibu na mkono wangu ipo habari ya binti yangu Mado, kwa hiyo mtamkuta humu ndani hata kama hamkuja kwa ajili yake. Aliolewa na Trezori, mwana wa Tata Kabeya. Wakati watu wenye asili ya Kasai, kama wao, walipofukuzwa Kolwezi, mji wetu, nilipigana ili Mado abaki kwangu. Sikupigana kwa fimbo. Nilipigana kwa kupika na kwa kunyamaza.

Sasa sikilizeni kazi.

Musuku kuna dume na kuna jike, kila mmoja na mti wake. Nje ya msimu wa maua, macho hayatawasaidia kuwatofautisha. Tata Kabeya alikuwa akipanda kilima asubuhi, mvua za kwanza zikishafika, anasimama katikati ya miti na kufumba macho. Mti unaodondosha ni jike. Mti unaonyamaza msimu mzima ni dume, na huo usiuguse kwa shoka, kwa sababu bila huo wale wengine nao watanyamaza.

Mwenzetu Musonda, aliyekuwa akisukuma burueti, toroli la bustani, na hakuweza kupitisha neno bila kulichezea, alisema siku moja:

"Tata, ile muti yenye kunyamaza iko sawa na bwana wa dada yangu. Anakula, analala, hatoe kitu."

"Na bila yeye, dada yako angezaa na nani?"

"Na jirani, tata! Jirani iko mutu muzuri sana."

Tata Kabeya alilazimika kukaa chini ili acheke vizuri.

Musuku hautikiswi. Hilo lishikeni. Watoto wa Kapata walikuwa wakiipiga miti kwa mawe, na matunda waliyopata yaliiva kwenye kikapu, ndiyo, lakini mbegu zake hazikutupatia kitu cha maana. Sisi tulingoja. Tulifagia chini ya mti jioni, na asubuhi tuliokota kilichoanguka chenyewe. Na ukiwa pale chini, ukiuma tunda chungu au lenye funza, unalitupa bila kusema neno. Hiyo ni desturi ya watu wa vilima hivi: tunda halitukanwi mbele ya mama yake. Musonda aliwahi kulitukana, kwa Kiswahili na kwa Kibemba na kwa Kifaransa kidogo alichokuwa nacho, kisha akapotea njia kwenye kilima alichokipanda kila siku ya maisha yake. Tulimpata mchana akiwa upande wa pili, karibu na barabara, amekaa juu ya burueti.

"Nilikuwa napumuzika," alisema.

Mnaniuliza uzuri wake uko wapi, kwa sababu picha zenu zinaonyesha mti mfupi wenye gome lililopasuka kama nyayo za mkulima. Utafuteni Septemba, baada ya moto wa kiangazi. Kilima chote ni cheusi, na mawe yananuka moshi. Hapo kwenye visiki vya musuku yanatoka majani mapya, laini, yenye manyoya, rangi yake kati ya asali na kutu. Nilikuwa nikiyashika kama unavyoshika sikio la mtoto mchanga. Yakikua yanakuwa mapana na mazito, yamejikusanya kwenye ncha za matawi kama viganja vinavyosubiri kupewa kitu. Mvua ikiyapiga, utasema kilima kizima kimeezekwa kwa mabati. Mti huu unaota mahali ambapo mahindi yanakataa, kwenye mawe, kwenye udongo mwekundu ulio mchungu kwa shaba, na haudai kitu.

Matumizi yake mnayajua nusu. Tunda mnalinyonya na kutema mbegu barabarani. Mama zetu walilivunja ndani ya maji, wakaliacha lichachuke, na siku ya tatu wanaume walianza kupita karibu na nyumba bila sababu. Mbao zake zina wekundu kwa ndani. Mwiko wa musuku unasonga bukari, ugali wetu, miaka mingi bila kupasuka, na wangu bado ninao. Wapo waliochemsha mizizi kwa maumivu ya tumbo. Nawaambia nilichokiona, siwatumi mkachimbe. Chini yake, mvua zikikolea, unaota uyoga, bowa, wa manjano na mweupe, wa kujaza kikapu. Na makala yake, yaani mkaa wake, yanawaka polepole, kwa moto mkali usio na moshi. Hilo ndilo lililouangamiza.

Lakini kwanza niwaambie juu ya udongo, kwa sababu hapo ndipo mtakapokosea, kama tulivyokosea.

Kampuni ilitaka tuvishe majani ile milima ya mabaki ya mgodi, kwa sababu vumbi lake liliingia kwenye nyumba, kwenye vyungu, kwenye macho ya watoto. Musuku ulifaa, kwa kuwa haukuogopa ardhi mbaya. Na sisi tulikuwa watu wa kampuni. Mgodini kila kitu kinaoshwa, kinachekechwa, kinapita motoni ndipo kiitwe kizuri. Basi Tata Kabeya, kabla sijafika, alikuwa amezoea kukaanga udongo. Alitandaza udongo juu ya bati kuukuu, akawasha moto chini, akaugeuza kwa koleo mpaka wadudu wote na mbegu za magugu zimekufa. Kwa nyanya ilikuwa sawa. Kwa maua ya nyumba za wakubwa ilikuwa sawa. Kwa musuku, mche ulichipua, ukasimama urefu wa kidole, ukageuka manjano, ukafa. Msimu baada ya msimu. Alibadilisha maji. Alibadilisha kivuli. Mwenyewe aliniambia kwamba aliomba padri apite, na padri akapita.

"Tata, udongo imeiva," Musonda alikuwa akimwambia. "Bukari yake iko wapi?"

Aliyelifungua jambo hilo ni mke wa Tata Kabeya, Mama Ntumba, na hakukusudia. Alikuwa ameokota bowa chini ya miti mikubwa ya musuku, akapita bustanini kumletea mume wake chakula, akaketi pembeni na kuanza kuusafisha. Udongo uliong'ang'ania kwenye uyoga aliukwangua kwa kisu na kuuacha udondoke kwenye sashe, vifuko vya plastiki vya miche, zilizokuwa karibu. Maji ya kuoshea akayamwaga hapo hapo. Akaenda nyumbani. Wiki zilipopita, miche yote ilikuwa imekufa isipokuwa ile ya pembeni, ambayo ilisimama kijani kama inaidhihaki mingine.

Tata Kabeya alisimulia jambo hili mara nyingi kuliko nilivyosikia Injili, na kila mara alimalizia kwa kumwelekeza Mama Ntumba kwa kidole: "Shefu wa bustani ni ule pale. Mi niko wa kumwagilia."

Basi, wanangu: musuku uotesheni kwenye udongo wa mama yake. Nendeni chini ya mti mzee, ondoeni majani makavu, chukueni ule udongo mweusi wenye nyuzi nyeupe na harufu ya uyoga. Changanyeni na udongo wa kawaida. Msiukaange, msiuanike, msiuchekeche mpaka uwe unga. Mbegu osheni utamu wake na mpande ikiwa bado mbichi, kwa sababu ikikauka imekufa hata kama haionekani. Na siku ya kuhamisha mche, bebeni na donge lake zima. Donge likivunjika mikononi, mmebeba kuni.

Musonda angekuwapo angewatungia wimbo kwa maneno hayo. Mimi sina wimbo.

Mgodi ulipoporomoka, kwetu haukuporomoka kwa kishindo. Pampu ya bustani ilinyamaza asubuhi moja na haikurudi. Tukasubiri fundi. Fundi naye alikuwa akimsubiri mtu. Tulianza kuteka maji kwa ndoo, Tata Kabeya mbele, mimi nyuma, Musonda akisukuma mabidoni ya maji kwenye burueti yake na kuita kila ndoo kwa jina la mkubwa fulani wa kampuni aliyekwisha kuondoka. Duka la kampuni lilibaki na mizani na chumvi. Halafu kilimani tukaanza kusikia shoka.

Siku ya kwanza tulipanda sote watatu. Tulimkuta mwanamume tuliyemfahamu, aliyekuwa dereva wa mashine kubwa mgodini, amevaa koti lake la kazi, anakata musuku ambao Tata Kabeya alikuwa akiokota chini yake tangu ujana.

"Ndugu," Tata Kabeya alisema, "hata uache ile ya kike."

Yule mtu hakukasirika. Alifuta jasho. "Tata, batoto banalala na njaa. Ya kike, ya kiume, yote inawaka."

Tulishuka. Jioni ile nilipikia makala, na sikuuliza yametoka kilima gani.

Njaa ilipokaa, maneno yakaanza kwenye bomba la maji. Kwanza yalikuwa mizaha: kwamba watu wa Kasai wamejaza ofisi, kwamba wamejaza shule, kwamba wamekula nchi. Kisha wakapewa jina, bilulu, wadudu. Nilikuwa mtu wa bustani. Kilulu nilikijua: kiko chini ya jani, unakitoa kwa vidole viwili. Nilimsikia mwanamke niliyesali naye akimwita hivyo Mama Ntumba, ambaye alinishika mgongo nilipokuwa namzaa Mado. Mama Ntumba alijaza ndoo yake mpaka juu, akaitwisha kichwani, akapita katikati yao bila kumwaga tone.

Mimi watu wangu ni wa kaskazini mwa Katanga, jimbo hili hili, upande wa Kongolo. Hakuna aliyenigusa. Lakini watu walikuwa wakinisalimu kwa ukunjufu mpya, kana kwamba nilikuwa nimeshinda kitu, na salamu hizo zilinichosha kuliko ndoo.

"Banasema niende kwetu," Tata Kabeya aliniambia tukiwa tunamwagilia. "Mi nilizaliwa hapa, mama. Baba yangu alikuya kutandika reli. Kule alitoka, hata njia ya kwenda ku choo siijui."

"Itapita, tata."

"Itapita," alisema. "Mwagilia ile ya pembeni, inasinzia."

Vijana walikuja mchana, wakiimba, na mikanda na fimbo. Walipita nyumba kwa nyumba kwenye mistari ya Kapata, na walizijua nyumba, kwa sababu walikuwa wamekulia humo pamoja. Familia zilitolewa na godoro na sufuria na kuelekezwa stesheni. Stesheni ilijaa, kisha uwanja wake ukajaa, kisha wakalala kando ya reli chini ya maturubai, wakingoja treni ya kupita Lubudi kwenda Kasai, ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Mvua ilikuwa bado haijaanza.

Mvua ya kwanza iliponyesha, nilikwenda kumchukua Mado. Nilimkuta kando ya reli, amekaa juu ya mzigo wao, na Trezori amesimama akimshikia kipande cha plastiki juu ya kichwa. Sikumsalimia mkwe wangu vizuri. Nilisema tu: "Huyu ni mutoto wa Kongolo. Hakuna mutu atamufukuza. Nakwenda naye."

Trezori alimkabidhi mke wake kile kipande cha plastiki. Kisha akasema, "Enda na mama yako. Ulale mahali pakavu."

Akaja. Nilimpa kitanda changu. Nilimpikia sombe, majani ya mihogo, kwa mawese, nikampikia samaki mkavu niliyemficha kwa ajili ya Pasaka. Sikumwuliza chochote. Nilijiambia kwamba treni itakuja, itaondoka, yeye atalia, na baada ya kulia atakuwa yuko hapa. Asubuhi nilikuwa nikimpeleka bustanini. Tulichota udongo wa chini ya miti iliyobaki, tukajaza sashe, naye alifanya kila kitu kwa usahihi, kwa sababu alikulia kati ya miche ile. Nilidhani mikono yake ikizoea kazi, miguu yake itasahau. Mara moja tu aliuliza, bila kuinua kichwa:

"Mvua ya leo usiku, ilinyesha hata kule ku reli?"

"Sijui," nilisema. Kule ni karibu. Nilijua.

Siku treni ilipofika, mji mzima ulisikia honi yake. Mado aliacha kufagia. Nami nilianza kupika, saa isiyo ya kupika.

Tata Kabeya alikuja kwa mlango wa mbele, mchana mweupe. Aliweza kufika kwa sababu Musonda alitembea ubavuni mwake njia nzima, akimshika bega na kubishana naye kwa sauti kubwa juu ya mechi ya mpira iliyokuwa imechezwa zamani, mpaka vijana wa pembe ya barabara wakachoka kuwasikiliza. Walipoingia ndani, Musonda aliliachia bega la mzee.

"Goli ile ilikuwa ofsaidi, tata," alimalizia, kwa sauti ndogo, na kuegemea ukuta.

"Mama Feli, jambo," Tata Kabeya alinisalimu.

"Jambo, tata. Kaa."

"Sitakaa. Nikikaa nitashindwa kusimama."

"Ulikuya kumuchukua."

"Hapana." Alimgeukia binti yangu. "Mado, mutoto wangu. Ile treni iko mabehewa ya kubeba mizigo. Haina kiti, haina choo. Batu banapanda hata juu. Kule tunaenda, sijui nani atatupokea, sijui hata tutafika. Mi na Trezori tulizungumuza. Baki kwa mama yako. Hakuna mutu kwetu atakulaumu."

Moyo wangu uliruka kwa furaha, na nilishindwa kumtazama machoni mtu aliyenipa furaha hiyo. Nilikoroga sombe ambayo haikuhitaji kukorogwa.

"Trezori alisema hivyo kwa kinywa chake?" Mado aliuliza.

"Kwa kinywa chake."

"Alikuwa anakutazama?"

"Alikuwa anatazama chini."

"Basi alidanganya."

Akaingia chumbani. Tulisikia sanduku likivutwa sakafuni. Nikaacha mwiko, nikamfuata mpaka mlangoni pa chumba, na maneno yaliyonijia ni yale tu niliyokuwa nayo, maneno ya kazi.

"Mado, wewe unajua. Umekulia mu ile bustani. Musuku ukiutoa mu udongo wake, hata umwagilie namna gani…"

"Mama." Alikuwa akikunja kitenge, na hakuacha kukikunja. "Mi si muti."

"Nasema tu…"

"Niko na miguu, mama. Na bwana wangu analala chini ku reli."

Nyuma yangu, Musonda alichungulia dirishani kuona kama vijana bado wako barabarani.

Tata Kabeya alijaribu mara moja tena. Alisema kwa ukali, sauti ya mkuu wa bustani: "Mado, nimekukataza."

"Umenikataza, tata. Nimesikia." Alijitwisha mzigo wake. "Twende, isije ikatuacha."

Nilimwangalia mwalimu wangu, nikimwomba kwa macho amkatalie, nami nikaona kwamba uso wake ulikuwa unafanya kazi kubwa kuficha jambo. Alikuwa na furaha. Mwanawe hangepanda treni ile peke yake. Sikumchukia kwa hilo. Muda mfupi uliopita, furaha hiyo ilikuwa yangu.

"Umekula?" nilimwuliza Mado.

"Nitakula naye."

Nilimimina sombe kwenye sufuria ndogo, nikaifunika, nikaifunga kwa kitambaa, nikakaza fundo, nikalifungua, nikalikaza tena. Alingoja mpaka nilipomaliza. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Ile miche mikubwa," Tata Kabeya aliniambia kizingitini, "usiipande kabla ardhi haijalowa mupaka chini."

"Najua, tata."

"Najua unajua."

Musonda akatangulia, akakohoa, akaanza tena mechi yake kwa sauti ya juu. Tata Kabeya akamfuata. Mado alipita wa mwisho. Milango ya nyumba za kampuni huvimba wakati wa mvua. Ni lazima uuinue mlango kidogo ndipo ukae mahali pake, vinginevyo unabaki wazi na kuku wa jirani wanaingia. Nilipiga hatua kwenda kumsaidia. Lakini aliuweka mzigo sawa kichwani, akahamishia sufuria mkono wa kushoto, na kwa ule wa kulia akauinua mlango, taratibu, akaufunga.